Nani Anakohoa?

Fomu zilizorudi zilikuwa 31. Kati ya hizo, 9 zilizungumzia sambusa.

Mwandishi wa makala haya hutengeneza michezo ya simu, na Jumamosi ile alikuwa amekodi ukumbi mdogo Kariakoo, ghorofa ya pili, akawaalika watu wanaocheza bao lake la simu waje waseme yaliyo moyoni. Aliandaa soda, sambusa, kalamu, na fomu yenye maelekezo ya mstari mmoja: "Toa maoni yako kwa uhuru." Uhuru ulitumika. "Sambusa zimepoa." "Sambusa nyama iko wapi?" Mmoja alijaza karatasi mbele na nyuma kuhusu pilipili, kisha chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka ghafla ameitiwa nini, akaongeza: "Gemu iko poa ila inakula chaji."

Usiku alizisoma zote kitandani, huku akisonya. Fomu ya ishirini hivi, mkewe alihamia chumba cha watoto.

Kumkosoa msanifu kwa kitafunwa si jambo geni. Mwaka 2012 wachezaji waliochukizwa na mwisho wa mchezo wa Mass Effect 3 walichanga fedha, wakawapelekea watengenezaji wake, BioWare wa Kanada, keki ndogo zipatazo 400. Juu zilikuwa na rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu, lakini ukiziuma zote ni vanila. Fumbo halikuhitaji mfumbuzi: walikuwa wakilalamika kwamba mwisho wa mchezo una njia tatu zinazotofautiana rangi tu. Juni mwaka huohuo BioWare wakatoa nyongeza ya bure ya kuufafanua mwisho ule. Tofauti ni kwamba Kanada keki zililipiwa na wachezaji. Kariakoo sambusa alizilipia mwandishi, na bado akasemwa.

Baada ya sambusa, lalamiko lililofuata kwa wingi lilikuwa "simu inaganda." Hili lilimuuma, kwa sababu simu haigandi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na moja ya kanuni zake ni kwamba mwenye mtaji hana ruhusa ya kutakata: kama unaweza kula, utakula, upende usipende. Sasa kijana anabonyeza shimo alipendalo, programu inaona kuna mtaji upande wa pili, inakataa. Anabonyeza tena. Anaifuta simu kwenye suruali, anabonyeza kwa kidole gumba. Hatimaye anaizima na kuiwasha.

Liliposemwa palepale ukumbini, mwandishi alisimama mbele akaeleza kanuni hiyo kwa dakika 10, kwa mkono na kwa ubao, kwa sauti ya mtu anayeonewa. Alipomaliza, mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha, aliyeletwa na mjukuu wake, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeeleza vizuri. Sasa kwa nini simu yenyewe isiseme? Kwenye bao la mti nikikosea, mwenzangu ananiambia. Asiponiambia yeye, ananipigia kelele aliyesimama nyuma, ambaye wala hachezi."

Ukumbi ukacheka. Mwandishi akaandika kwenye daftari: "Kelele." Mwaka mzima alikuwa ametengeneza bao bila kibaraza, bila yule mtu wa nyuma. Vijana walikosea jina la ugonjwa, lakini kidole walikiweka palepale panapouma, na yeye alitumia dakika 10 kuwathibitishia kwamba hawaumwi.

Lalamiko la tatu: "Kompyuta inaiba." Mama mmoja aliapa kwamba inamsoma mawazo. Katika ngazi rahisi aliyokuwa akicheza, kompyuta huokota hatua yoyote inayoruhusiwa, bila kufikiri kitu. Kwa lugha nyingine, mama yule alikuwa akifungwa na bahati nasibu. Mwandishi alitaka kumwambia, akatazama uso wake, akaacha.

Hapa alijifariji na kisa cha Sid Meier, msanifu wa mchezo wa Civilization. Mwaka 2010, kwenye mkutano wa wasanifu wa michezo San Francisco, Meier alisimulia jinsi wachezaji walivyokasirika walipopigana vita ambamo uwezekano wa kushinda ulikuwa tatu kwa moja, wakashindwa. Kihesabu, katika vita vinne kama hivyo kimoja ni halali yako kukipoteza. Wachezaji hawakutaka kusikia. Lakini walipokuwa wao wanyonge, mmoja kwa watatu, wakashinda, hakuna aliyelalamikia hesabu. Meier hakuwafungulia darasa. Alirekebisha hesabu ziendane na wanavyojisikia. Angekuwa Kariakoo pengine angekula sambusa yake kimya.

Na kuna swali ambalo mwandishi alijikataza kabisa kuliuliza. Novemba 2018, huko Anaheim, Marekani, mashabiki wa mchezo wa Diablo walioitwa kusherehekea waliambiwa kwamba mchezo mpya ni wa simu. Wakazomea. Mmoja wa watengenezaji jukwaani akawauliza kama hawana simu, na swali hilo linamwandama mpaka leo. Kariakoo hakukuwa na haja ya kuuliza, kwani jibu lilikuwa limeshaandikwa kwenye fomu namba 17: "Simu tunayo. Bando hatuna. Punguza ukubwa."

Lililomnyima usingizi hasa halikuwa kwenye fomu. Watu walipokuwa wakitoka, mzee wa dirishani alimwomba mjukuu wake simu, akaiweka sikioni kama anayepigiwa, akafumba macho, kete zikaanguka shimoni moja moja.

"Hizi si kete," akasema. "Haya ni maharage."

Yalikuwa maharage. Maharage makavu, robo kilo, ndani ya bakuli la mbao jikoni kwa mama mkwe, yaliyorekodiwa saa nane usiku ili jogoo wasiingie. Katika maelfu ya waliopakua mchezo, hakuna aliyewahi kushuku.

Jumatatu mwandishi alikwenda kwa mzee na kinasa sauti. Mzee alikubali kwa sharti moja: kete hazirushwi ovyo, zinachezwa. Kila mtu huanza na kete 22 mkononi. Mwandishi alifungwa akiwa amebakiwa na 13. Kufungwa kete zikiwa bado mkononi wenyewe huita "mkononi", na majirani watatu waliokuwa wamesimama nyuma walihakikisha analijua neno hilo kabla hajaondoka.

Toleo jipya lilitoka baada ya wiki mbili. Ukitakata ukiwa na mtaji, sauti inakukemea: "Una mtaji, bwana!" Ukubwa umepungua, kete ni za komwe halisi. Siku ya pili ukaja ujumbe wa mchezaji: "Sasa safi, haigandi tena. Ila kila nikila, nani anakohoa?"

Mwandishi akavaa spika za masikioni, akaongeza sauti mpaka mwisho. Kete zinaanguka: ko, ko, ko. Halafu, nyuma yake, kikohozi kidogo cha mtu anayejua ameshashinda.

Mzee alipopigiwa simu kuombwa radhi, alikuwa na swali moja tu: malipo ni kwa kila kikohozi, au kwa mwezi?