Spea ya Mwaka 1953

Kosa ni langu. Jumamosi ile nilitamka mbele ya mashahidi, mchungaji akiwa mmoja wao, kwamba kutoka Lurambi hadi Kakamega mjini hakuna spea usiyoipata, mradi una miguu ya kutembea na mdomo wa kuuliza. Shemeji, mume wa dada yangu, alikuwa na paja la kuku mdomoni. Akalitoa.

"Mwalimu," akasema, "basi nitafutie breki ya ndege."

Hakuwa anatania. Asubuhi hiyo alikuwa ametua kwenye kiwanja kidogo cha Kakamega na Cessna 170, ndege ya viti vinne ambayo kiwanda kiliacha kuiunda mwaka 1956. Hii yake ni ya mwaka 1953, Kenya ikiwa ndani ya Hali ya Hatari na babu yangu akiwa bado anadaiwa ng'ombe mmoja wa mahari. Nasema yake, lakini wenyewe ni wanne, na neno breki likitajwa simu za watatu huzimika papo hapo. Uzee umefanya kazi yake: sili ya breki ya kulia ilikuwa imepasuka na pedi zake zimechakaa. Alipokanyaga, mguu ulizama kama mwiko kwenye ugali ambao haujashika.

Nikamuuliza mbona asiruke tu hivyo hivyo arudi Nairobi, kwani huko angani atasimama wapi? Alinitazama kwa jicho lile nililokuwa nikiwatazamia wanafunzi wangu wa Kidato cha Kwanza. Ndege hizi za zamani gurudumu la tatu liko mkiani, na zikiwa ardhini huongozwa pia kwa breki: ya kulia ukitaka kwenda kulia, ya kushoto ukitaka kushoto. Moja ikifa, ndege huweza kujipinda ghafla mkia ukatangulia, kama fahali wa mapigano wa Malinya aliyekata shauri kurudi nyumbani. Isitoshe, Kakamega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo ndege hugusa chini ikiwa na kasi kubwa kuliko inavyogusa Mombasa. Breki hapa haziguswi kwa adabu, hukanyagwa.

Ndege yenyewe tuliiachia mlinzi. Kazi yake haikuwa kuzuia wezi bali watoto. Tangu mwaka 2016, mwanamume mmoja aliponing'inia kwenye helikopta kule Bungoma ikapaa naye, watoto wa Magharibi wakiona chombo cha angani huuliza swali moja tu: hii inashikwa wapi?

Jumatatu nikaingia mtaani na sampuli ndani ya leso. Pedi ya breki ile, mfumo wa Goodyear, si ndefu kama ya gari. Ni kiduara, kama biskuti iliyolambwa na mtoto. Hubana disku ambalo halikufungwa kwa bolti, bali limeshikiliwa na vibanio vidogo pembeni mwa rimu, na hivyo vibanio navyo hulegea vikaanguka. Wenye ndege wengi walichoka kuvitafuta wakabadilisha mfumo mzima, wakaweka wa Cleveland. Shemeji na wenzake wamekuwa wakilijadili jambo hilo tangu nilipohudhuria harusi yake. Dada yangu sasa ana watoto watatu.

Duka la kwanza.

"Ya gari gani, Mwalimu?"

"Si gari."

"Pikipiki?"

"Ndege."

Kijana hakushtuka hata kidogo. Akavuta daftari lake. "Ya mwaka gani?"

"1953."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Hiyo ya '53 imeisha. Chukua ya Probox."

Duka la pili waliniuliza kama ni ya petroli au dizeli. La tatu mwenyewe aliigeuza pedi, akainusa, akaniambia hii ni ya Peugeot 404, tena orijino. Hapo nilianza kutembea upande wenye kivuli, kwa sababu habari ilikuwa imenitangulia na wenye bodaboda wakawa wananiita Kapteni.

Aliyenielewa ni fundi mmoja wa jua kali. Alikipima kile kiduara kwa kidole gumba, akaniketisha juu ya tairi, akatoa breki shuu kuukuu ya Land Rover na msumeno. Kabla sijamaliza chai alikuwa amenichongea vinne, vimepigwa msasa, vimelingana kuliko hata ile sampuli. Akaitisha shilingi mia nne, nikamlipa na ya soda juu. Nikapita kununua mafuta ya breki. Shemeji alikuwa amenionya kwamba mafuta ya breki ya gari hula sili za ndege, na kwamba ya ndege ni mekundu. Nikanunua chupa ya mafuta mekundu. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Shemeji alivisifu vile viduara kwa dakika nzima. Kisha akauliza, "Na karatasi yake?"

Karatasi gani? Ndipo nikafahamishwa kwamba kipuri cha ndege kisicho na cheti si kipuri. Lazima ijulikane kimetoka wapi na nani amekithibitisha, na kisifungwe ila na fundi mwenye leseni, naye atie sahihi. Kwa ufupi, kipande kile kilitakiwa kiwe na nyaraka nyingi kuliko mimi. Na yale mafuta yangu mekundu? Akasoma chupa. Yalikuwa ya gia ya gari otomatiki. Hayo nayo ni mekundu, ila yana kazi yake nyingine.

Akampigia mtu uwanja wa Wilson, Nairobi, aliyekuwa na sili, pedi na vibanio, vyote na vyeti. Vikapakiwa kwenye matatu ya usiku. Jumatano mzigo ukafika salama, vibanio vyote ndani, mafuta ndani. Vyeti vilikuwa vimesahaulika juu ya meza huko Nairobi.

Katika hesabu hii yote ninayemsikitikia ni mke wangu peke yake, kwa sababu kwetu shemeji hali sukuma mkavu, na firigisi ni yake. Siku moja, kuku mmoja. Kufikia Alhamisi, vyeti vilipowasili pamoja na fundi mwenye leseni, ambaye naye ni mgeni, jogoo aliyebaki alikuwa akiwika kwa kunong'ona. Fundi alimaliza kazi kwa muda usiofika saa moja. Kula kulimchukua zaidi.

Ijumaa asubuhi ndege iliondoka, watoto wakiikimbilia hadi mwisho wa kiwanja. Mafuta mekundu nilimuuzia jirani mwenye gari otomatiki, kwa hasara. Vile viduara vinne bado ninavyo. Kimoja nimekiweka chini ya mguu wa meza yangu ya kusahihishia mitihani, na tangu siku hiyo haijayumba. Vitatu vilivyobaki vinauzwa, shilingi mia moja kila kimoja, bila karatasi.