Sukari Ilikuwa Mezani

Ukiishiwa nguvu juu ya baiskeli katika barabara ya Bangboka, hapa Kisangani, usitegemee kuonewa huruma. Tegemea wataalamu. Watakujia kutoka pande zote za msitu: mwenye shoka, mwenye kidumu cha mawese, mtoto wa shule ambaye siku hiyo hana shule. Wa kwanza atakuambia kiti cha baiskeli yako kiko chini mno. Wa pili atasema kiko juu mno. Wa tatu atainama na kuuliza, kwa sauti ya siri, kama una ugomvi na mtu wa ukoo wako. Na mchungaji mmoja ambaye hukumwita ataweka mkono juu ya usukani na kuanza kukemea.

Kukuuliza kama umekula, hapana.

Kisangani ni mji mbaya kwa mtu anayeshindwa na baiskeli. Wakati wa vita vya Kongo vilivyoanza 1998, boti za Kinshasa zilipokatika na petroli ikawa mali ya wenye bunduki, mji huu ulibebwa na toleka. Kijana, baiskeli ya Kichina, na mto mdogo uliofungwa juu ya keria: hiyo ndiyo ilikuwa teksi, ndiyo lori, ndiyo gari la wagonjwa. Vijana hao walilisha nyumba na kulipa ada za shule kwa miguu yao. Leo pikipiki zimewapunguza sana, lakini dharau ya watu haijapungua. Mama aliyewahi kubebwa kutoka Mangobo hadi soko kuu pamoja na viloba vyake viwili vya muhogo hawezi kumwelewa mwanamume mzima, mwenye kaptura ya kubana na baiskeli isiyo na mzigo wowote, aliyeketi kando ya lami akitokwa na machozi.

Yalikuwa jasho. Nilisema siku ile ya mbio na ninarudia.

Mbio zenyewe zilikuwa za mtaa, za kusherehekea uhuru, Juni 30: kutoka Makiso hadi uwanja wa ndege wa Bangboka, kilomita 17, kurudi, halafu kurudia safari yote. Jumla kilomita 68. Mshindi wa kwanza angepata mbuzi, wa pili kiloba cha sukari, na zawadi zote ziliwekwa mbele ya hema ili tuzitazame vizuri. Mbuzi alifungwa kwenye mguu wa meza. Sukari ilikaa juu ya meza.

Karatasi ilisema tunaondoka saa moja asubuhi. Mimi ni mtoto wa hapa, najua saa moja ya karatasi ni saa mbili ya watu. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri nilikula lituma yangu, ndizi za kuponda, kwa sombe iliyolala, nikashushia chai, nikaenda nikijua hesabu yangu ni safi. Kitu ambacho hakikuwamo katika hesabu ni mheshimiwa. Mbio haziwezi kuanza bila mheshimiwa kupuliza filimbi. Mheshimiwa hawezi kufika kabla ya viti. Na viti vilikuwa bado kwenye kilio huko Kabondo, ambako familia ilikataa kuvitoa mpaka wageni wamalize kunywa.

Viti vilifika saa tatu. Mheshimiwa alifika saa tano kasoro. Kisha hotuba. Ya kwanza ilimkaribisha, ya pili ilimshukuru kwa kukaribishwa, ya tatu ilihusu faida za michezo kwa afya, na ilisomwa na bwana mmoja aliyepumzika mara mbili wakati wa kupanda ngazi za jukwaa. Sisi tulikuwa tumesimama juani, miguu huku na huku ya baiskeli zetu, katika mji ulio nusu digrii tu kutoka ikweta.

Mpwa wangu anasomea udaktari hapa Chuo Kikuu cha Kisangani. Alinieleza baadaye yaliyonikuta siku ile, huku akicheka, na kicheko chake nimekiweka kwenye deni. Anasema mwili una maghala mawili ya sukari ya kazi. Misuli inaweza kuweka kama gramu 400, ini kama gramu 100. Sukari ya msuli haitoki nje ya msuli huo: mguu wa kulia hauwezi kuukopesha wa kushoto hata ukiuona unakufa. Ini ndilo linalogawa sukari kwa damu, na damu ndiyo inayoulisha ubongo. Ini linagawa hata usiku ukiwa umelala, ndiyo sababu asubuhi linaamka limepungukiwa. Ukikanyaga pedali kwa nguvu, akiba yote inakupeleka saa moja na nusu, labda mbili. Baada ya hapo lazima uwe unatia kitu mdomoni njiani. Nikamwonyesha tumbo langu, nikamwuliza na hili je, si akiba? Akasema lina mafuta ya kunifikisha Bunia, ila kwa mwendo wa kutembea, maana mafuta yanaungua polepole na hayawezi kushindana na mtu anayekimbilia mbuzi.

Basi iandikwe wazi: filimbi ilipolia, sehemu nzuri ya lituma yangu ilikuwa imekwisha kutumika katika kusikiliza hotuba.

Raundi ya kwanza nilikuwa kundi la mbele. Siringi, mashahidi wapo. Raundi ya pili, tukiwa tunakwenda tena Bangboka, jambo lenyewe likanikuta. Haliji kama uchovu. Uchovu unabisha hodi, unakupa nafasi ya kupunguza mwendo kwa heshima. Hili liliingia moja kwa moja na kuketi. Kwanza vidole vikatetemeka juu ya breki. Halafu nikasikia baridi, adhuhuri, hapa mkoani Tshopo, baridi ya kutaka blanketi. Halafu ikaja hasira. Nilimchukia kijana aliyekuwa mbele yangu kwa sababu ya vigimbi vya miguu yake. Nikauchukia uwanja wa ndege, nikajiuliza kwa nini watu wa Kisangani wanahitaji kuruka wakati mto upo. Mwisho ukaja ujinga mtupu. Nilijaribu kutoa kumi na tisa katika sitini na nane nikashindwa, nami ndiye ninayetunza daftari la likelemba, mchango wa zamu wa mtaa. Mbele yangu, katikati ya barabara, nilianza kuona kwanga ya muhogo imefunguliwa kwenye majani yake, inatoa moshi, na kila nilipoikaribia inasogea.

Nikapitwa na wanafunzi. Nikapitwa na mzee mwenye baiskeli isiyo na breki. Kisha nikasikia kengele nyuma yangu, na toleka ikanifikia, ya kweli, ya kazi, na juu ya keria mama mmoja amepakata beseni la samaki wa makayabu.

“Papa, umekula?” akauliza yule mama. Swali la kwanza la maana tangu asubuhi.

“Nilikula alfajiri, Mama.”

“Alfajiri ya leo?”

Dereva wake hakuwa hata anahema. “Yaya, ningekubeba,” akasema, “lakini samaki wamekwisha kulipa.” Wakaenda zao, na harufu ya makayabu ikabaki nami kwa muda mrefu kuliko nilivyostahimili.

Mbele kidogo kulikuwa na meza ya ndizi mbivu, na hapo nikasimama; wataalamu wakanizunguka, na mchungaji wao akaanza kukemea. Ndipo msimamizi wa mbio alipotokea kwa pikipiki kunikumbusha kanuni: msaada wowote kutoka nje ni marufuku. Nilijua kamati ya mbio ilikoitoa kanuni hiyo. Waliisikia kwenye Tour de France. Mwaka 2013, kwenye mlima wa Alpe d’Huez, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefundwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, aliishiwa sukari kama mimi. Mwenzake Richie Porte akamletea jeli ya sukari kutoka kwenye gari la timu, zikiwa zimebaki kilomita chache ambamo kupokea chakula hakuruhusiwi. Kila mmoja akaongezewa sekunde 20, na Froome bado akashinda mashindano mazima. Kwao marufuku si ya njia nzima. Kamati yetu iliipenda ikaitandika juu ya kilomita zote 68. Nami nilimwambia msimamizi aniongezee hata dakika ishirini, aandike sasa hivi, kalamu ninayo. Alikataa huku akimenya ndizi. Alikuwa amenunua tatu.

Nikasema ninanunua, sisaidiwi. Biashara si msaada. Akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Nikatoa dola tano kutoka ndani ya soksi. Mama mwenye meza akaipokea kwa ncha za vidole viwili, akainyoosha, akaielekeza juani, akakagua pembe zake nne kwa uangalifu ambao sijauona hata benki. Kulikuwa na mpasuko mdogo, wa ukubwa wa ukucha wa mtoto mchanga.

“Papa, hii imeumia.”

“Mama, mimi ndiye niliyeumia. Hiyo ni nzima.”

Akakubali kuipokea kwa thamani ya dola tatu, akaangalia macho yangu, akapandisha na bei ya ndizi. Nilikula pale pale, nimesimama, na nyingine nikala kabla haijamenywa vizuri. Baada ya robo saa hivi dunia ikaanza kurudi. Kumi na tisa ikatoka katika sitini na nane bila shida. Mchungaji alikuwa bado pale, akawaambia watu kwamba wamejionea wenyewe.

Nilipofika Makiso, viti vilikuwa vinapakiwa kwenye lori kwenda kilio kingine. Mbuzi hayupo, mheshimiwa hayupo. Sukari, niliambiwa, ilipanda gari la wageni kwa sababu za usalama, na mshindi wa pili ataitwa kwa simu. Orodha ya matokeo ilikuwa imekwisha bandikwa kwenye mti. Nafasi ya tisa ameandikwa yule dereva wa toleka: alipita kwenye mstari akirudi mjini, kamera ikampiga, na kwa kuwa hakuwa na namba wakampa yangu. Fulana amepewa. Mama wa makayabu pia amepewa fulana, kama msaidizi wa timu.

Mimi nimeandikwa kuwa niliacha mbio. Katibu anasema inawezekana kurekebisha, niandike barua nakala tatu, nilipe ya muhuri, nisubiri mheshimiwa apite kusaini.