Studio Tayari, Bado Kamera

Kijana wetu wa Same mjini kakamilisha mpango wa biashara: nembo, kadi, na bango pana kuliko kibanda chenyewe. TIN anayo, leseni ya halmashauri anayo. Kamera ndiyo bado. Anasubiri mjomba wa Mamba Myamba auze tangawizi. Bango linaahidi faru weusi wa Mkomazi na kilele cha Shengena, chenye zaidi ya mita 2,400 na ukungu usiotaka kupigwa picha. Mteja wa kwanza keshafika: mzee anayetaka picha ya masale ya mpaka, ushahidi wa baraza la ardhi. Kutajiwa bei, akaguna.

“Mwanangu, upande wa jirani ukiukata, unapunguza shilingi ngapi?”