Legeza Mshipi

Samaki wengi huletwa nchini ili waliwe. Trauti wa kahawia aliletwa Kenya ili asumbue watu, na tangu mwaka 1905 hajakosa kazini hata siku moja.

Aliyemwajiri ni Ewart Grogan, Mwingereza aliyekuwa na mashamba, sauti kubwa na mishughuliko isiyokwisha. Mwaka huo mayai ya trauti yaliletwa kutoka Loch Leven, kule Scotland. Yakavuka bahari, yakapita Mombasa kwetu bila kusimama hata kunywa kahawa, yakapanda garimoshi, kisha wapagazi wakayabeba kwenda kuyamwaga Mto Gura, unaoteremka kutoka milima ya Aberdare, ambayo wenyewe huiita Nyandarua. Walowezi walikuwa na ardhi, farasi na wiski. Walichokosa ni mnyama wa kuwashinda akili, na Gura ukawapa.

Nimesoma habari za Grogan kwa makini kuliko nilivyopaswa, kwa sababu yeye na mimi tulikuwa na shida moja: wakwe. Baba wa kambo wa mchumba wake, Gertrude Watt, alimwona kijana asiye na mbele wala nyuma, naye akaamua kuithibitisha thamani yake kwa kutembea kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo. Akafika mwaka 1900, akapewa mke. Mimi niliyeoa Othaya, Nyeri, niliambiwa tu niende mtoni na shemeji nikarudi na samaki. Niliona nimehurumiwa.

(Watu wa Nyeri wana neno jingine juu ya Grogan. Kiboko wa mtoni huwezi kumkuta huko juu Gura, maji hayamfai. Lakini kiboko cha Grogan kinajulikana. Mwaka 1907 aliwachapa Wakikuyu watatu hadharani mbele ya mahakama, Nairobi. Baba mkwe hulitaja jambo hilo kila akisikia trauti akisifiwa, halafu anaendelea na chai yake.)

Sasa, mimi ni mtu wa Mji wa Kale. Kwetu samaki ana adabu zake. Changu, tafi, kolekole na nguru wote hufika sokoni wamelala ubavu, macho wazi, wakikungoja. Changu nikishamlipia ni changu, hakuna mjadala. Hata samaki wa bara niliokuwa nikiwajua kwa mbali walikuwa na utu. Kamongo wa Ziwa Victoria ana mapafu. Kidimbwi kikimkaukia hujichimbia matopeni, akalala humo miezi akingoja mvua, bila kuandikia serikali barua. Huyo ndiye raia. Mbuta ni mgeni wa miaka ya 1950, akawamaliza furu wengi aliowakuta, lakini angalau watu walipata minofu ya kuuza ng'ambo. Naivasha nako, mwaka 1970, wakaleta kamba wa Marekani, ambaye huwafuata samaki waliokwisha kunaswa, akawala humo humo wavuni. Kamba juu ya kamba.

Shuleni tulifundishwa kwamba kuna samaki wa maji chumvi na samaki wa maji baridi, na kwa mtoto wa Mombasa hiyo "baridi" ilimaanisha tu kwamba ukiyaonja hayana chumvi. Nilitia mguu Gura saa moja asubuhi nikaelewa kwamba mwalimu hakuwa akifanya mchezo. Maji yale hutoka kwenye nyanda zilizo juu ya mita 3,000, na trauti huyapenda hivyo hivyo. Joto lake likipanda kupita nyuzi 20 hivi, yeye huanza kudhoofika. Anataka maji ya baridi, safi, yenye kasi, yenye mawe ya kujificha na changarawe ya kutagia. Na wewe unayemtaka, anataka uwe na leseni.

Leseni tulikuwa nayo. Shemeji alikuwa ameishughulikia, pamoja na fito za kuvulia na viatu vya mpira vya kufika mapajani. Niseme kidogo juu ya shemeji, maana bila yeye msiba ungekuwa mdogo. Alifanya kazi Mombasa miaka mingi, akarudi Othaya na Kiswahili cha pwani anachokitunza kuliko gari lake. Wenzake wakisema "laini", yeye husema "mshipi". Wakisema "ndoano", yeye huwasahihisha: "ndoana". Kila akiongea nami hunitazama kidogo, kuona kama nimesikia.

Baba mkwe alikuja pia, na kigoda chake, akaketi ukingoni. Ujanani aliwabebea wazungu mikoba ya uvuvi kwenye mto huo huo, na anajua kila jiwe ambalo nyuma yake trauti husimama, uso juu mtoni, akingoja riziki iletwe na mkondo. Hajamla hata mmoja. Kwa Wakikuyu wa rika lake samaki hakuwa chakula. Alihesabiwa jamaa wa nyoka, na mzee haoni sababu ya kubadili hesabu uzeeni. Huja kutazama.

Chambo chenyewe ni uongo. Huwekewi mnyoo wala dagaa. Unafungiwa nzi wa bandia, aliyesokotwa kwa uzi na unyoya wa shingo ya jogoo juu ya ndoana ndogo kuliko ukucha. Nzi huyo hana uzito, kwa hiyo hatupwi kama tutupavyo sisi kwa mshipi wenye chubwi. Unaurusha ufito nyuma, unangoja mshipi unyooke hewani, ndipo unaurusha mbele. Nilirusha nyuma. Nilingoja. Nilipovuta mbele nikahisi uzito wa kweli.

"Umenasa!" akasema shemeji.

Nilikuwa nimenasa kofia ya baba mkwe. Ilipita juu ya kichwa changu, ikatua katikati ya mto, ikaanza safari ya kwenda Sagana na Tana na hatimaye Bahari ya Hindi, kwetu. Bahati nzuri ndoana ilishika. Nikaivuta taratibu hadi ukingoni, nikamrudishia kwa mikono miwili. Mzee akaikamua, akaivaa ikichuruzika.

"Ina kilo ngapi?" akauliza.

Tukateremka kidogo, mbali na kofia. Trauti hufuatwa kwa nyuma, yaani kutoka upande wa chini wa mto, tena kwa kuinama, kwa sababu anaona vizuri kilicho juu ya maji na husikia kishindo cha mguu. Nilikuwa nikinyata kwenye mwamba, nikijisifu kwamba sijatoa hata mlio, shemeji aliponyoosha kidole kwa hofu na kunong'ona, "Kaa! Kaa!"

Mkwe mwema ni mtiifu. Nikakaa. Nikakaa juu ya kaa, nikaruka kama aliyekalia kaa.

Alikuwa kaa wa mtoni, rangi ya matope, gando moja kubwa kuliko la pili, na ni hilo kubwa alilolitumia. Nasema bila chuki kwamba ni mnyama mwenye historia. Magharibi mwa Kenya palikuwa na nzi mweusi aenezaye upofu wa mtoni, na watafiti walihangaika muda mrefu kutafuta anakolelea mabuu yake. Wakayatafuta kwenye mawe, kwenye majani, wapi! Kumbe mabuu yalikuwa yamempanda kaa, yanazungushwa mtoni bila nauli. Nzi wa kweli anajua kusafiri. Nzi wangu wa manyoya ya jogoo alikuwa bado ananing'inia kwenye tawi la ng'ambo, na suruali yangu ilikuwa na dirisha.

Wakati shemeji anapanda kumfungua nzi kwenye hilo tawi, fisi maji akatokea upande wa pili. Alizama pasipo kutikisa maji, akaibuka na kaa (nilitamani awe yule yule), akalala chali akamtafuna mguu mmoja mmoja huku akitutazama. Hana ufito, hana viatu vya mapajani, leseni hajawahi kuiona. Mzee alimwangalia kwa heshima ambayo sisi hatukuwa tumeipata tangu asubuhi.

Jua lilipopanda, mama mkwe akafika na shangazi wawili wa mke wangu, chupa ya chai na mkate. Wamama wakaketi kwenye majani. Mimi nilikuwa majini hadi magotini, na kwa kuwa nilikuwa na watazamaji nilirusha mshipi kwa madaha kidogo. Nzi akatua vizuri kwa mara ya kwanza, nyuma ya jiwe alilonionyesha mzee. Maji yakapasuka.

Sijawahi kuona kitu kama kile sokoni. Aliruka juu kabisa, akajipinda hewani karibu nami kiasi kwamba nilimwona madoadoa yake yote: meusi mgongoni, mekundu ubavuni, kila jekundu limezungushiwa duara jeupe kama limechorwa kwa kalamu. Tumbo lilikuwa na rangi ya siagi. Kahawia yake ilikuwa kahawia haswa, ya kahawa ya Nyeri yenyewe. Halafu akarudi majini na kuelekea chini ya mto kwa kasi, ufito ukapinda hadi nikasikia mlio wake.

Hapa pana jambo la ufundi. Mwisho wa mshipi wa trauti huwa mwembamba sana, ili samaki asiuone. Ukimng'ang'ania akikimbia, unakatika. Dawa ni kumwachia aende, achoke, ndipo umrudishe. Wavuvi wote wanajua, na shemeji aliyekuwa ng'ambo alijua, na alijua pia neno zuri la kulisemea.

"Legeza mshipi!" akapiga kelele. "Shemeji, legeza mshipi!"

Nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe akanitazama. Shangazi mmoja akaweka kikombe chini.

"Mbele ya mama?" nikauliza.

"Legeza, utakatika!"

Mkono wangu mmoja ulikuwa umekwisha kushuka kiunoni. Kwa heshima ya wazazi sitaeleza ulifika wapi. Trauti hakungoja tufasiriane. Ukasikika mlio mdogo, ufito ukanyooka, na samaki wa Loch Leven akaenda zake na nzi, manyoya ya jogoo na heshima niliyokuwa nimeanza kuijenga katika ukoo ule. Shangazi wakageuka kutazama milima. Baba mkwe alivua kofia, akajifunika uso nayo, mabega yakitikisika.

Wamama walipotangulia nyumbani, sisi watatu tukapita kwenye shamba moja la mabwawa ya samaki. Humo wamo trauti wa aina nyingine, wa upinde wa mvua, wenye mstari wa waridi ubavuni, asili yao Amerika ya Kaskazini. Hawa ni watu wepesi. Ukipita ukingoni wanakufuata wakidhani una chakula. Nilichagua mmoja wa wastani, akapasuliwa, akasafishwa, akawekewa barafu, nikalipa kwa simu. Shemeji akashauri tusiseme uongo, tunyamaze tu. Mzee kwenye kiti cha nyuma alikuwa anatazama dirishani, na nilimhesabu kuwa amekubali.

Jikoni mama mkwe alimfungua samaki kwenye karatasi yake. Samaki hawagusi, alimgeuza kwa ncha ya kisu, akaliona tumbo lililokwisha safishwa kitaalamu, akaona na kipande cha barafu kikiwa bado shavuni. Akanigeukia akanisemesha kwa Kikuyu, polepole, kama ananisaidia. Katika swali lote nilidaka sauti moja ninayoifahamu.

"Ndiyo, mama!" nikajibu kwa furaha. "Gura! Gura!"

Nyumba nzima ikalipuka. Wifi alitoka nje kabisa. Mke wangu, akifuta machozi kwa leso, akanieleza kwamba kwa Kikuyu neno la namna hiyo ni kununua. Mama alikuwa ameuliza nimemnunua wapi, nami nikakiri mara mbili pasipo kuteswa. Kwa Kiswahili chetu kugura ni kuhama, na ndilo nililotaka kulifanya dakika ile ile.

"Huyu hata madoa mekundu hana," akasema baba mkwe kutoka sebuleni.

Mama mkwe, ambaye ameuza mboga sokoni Othaya tangu kabla mke wangu hajazaliwa, hakucheka muda mrefu. Aliniuliza bei. Nikamtajia. Akafunga macho, akajumlisha na mafuta ya gari, na leseni, na nzi waliopotea.

"Kwa pesa hizo, baba," akasema, "ungepata jogoo mzima, na manyoya yake yote."