Fundi Ni Wewe: Jinsi ya Kulimaliza Kabati la Jikoni

Sharti la kwanza la kazi hii ni kuidharau. Mlango wa kabati la chini ya sinki umelegea, ukiuvuta unakubakia mkononi. Ni mlango tu. Fundi akikutajia bei, cheka kwa sauti, umsindikize hadi getini, kisha utangaze mbele ya familia kwamba hawa mafundi wametuzoea na kazi yenyewe utaifanya Jumamosi. Ukishalitamka hilo mbele ya mama watoto, huna tena pa kurudi.

Nenda Kariakoo ukanunue vifaa. Mtu aliyekataa kumlipa fundi hela ya siku moja ana kila haki ya kununua drili ya bei mara tatu ya hiyo. Chukua na seti nzima ya biti, bila kuuliza ya zege ni ipi na ya mbao ni ipi. Zote ni za chuma, zote zinazunguka. Gundi ya mbao usinunue, ni rahisi mno, haitakupa heshima kwenye daladala.

Ukirudi nyumbani, usichunguze sana kabati lako limetengenezwa kwa nini. Makabati mengi ya mjini siku hizi hayajawahi kuonana na mninga wala mkongo. Ni chipubodi: chembechembe za mbao zilizochanganywa na gundi, zikashindiliwa kwa joto, zikavikwa ngozi nyembamba ya melamini yenye picha ya mninga. Ngozi ikiwa nzima, ubao unakaa miaka. Ukingo ukibanduka na maji yakapata pa kupenya, zile chembe zinavimba, na hata zikikauka hazirudi zilivyokuwa. Ndiyo maana skrubu ya bawaba inachezacheza, haina tena cha kuuma. Maelezo haya ni ya kweli, na yanakupeleka moja kwa moja kwenye nati ya bomba inayodondosha maji hapo nyuma, kwa hiyo tuyaache. Bomba ni bomba, na mwongozo huu ni wa kabati.

Kuna dawa ya tundu lililopanuka ambayo utaambiwa na kila mtu, hata mpangaji wa chumba cha uani. Kata vichwa vya njiti za kiberiti, zichovye kwenye gundi ya mbao, zishindilie tunduni, acha zikauke hadi kesho, kata zilizochomoza, halafu rudisha skrubu. Jihadhari na dawa hii, maana ubao ukiwa mkavu inafanya kazi. Ukiifuata kwa utulivu utamaliza kila kitu kwa bei ya kiberiti, na ile drili utaieleza vipi? Wewe tafuta skrubu ndefu zaidi. Ubao una unene wa milimita 18, skrubu ina 40. Itatokeza upande wa pili, na atakayeingiza mkono kuchukua sufuria ataijua kazi yako hata kabla hajawasha taa.

Ubao ukishapasuka, umefuzu hatua ya matengenezo. Sasa unaingia kwenye ukarabati mkubwa, ambao huanza kwa vipimo. Kimo kiandike kwa inchi, kama wanavyosema maseremala wa Keko. Upana uandike kwa milimita, kama ilivyo kwenye kasha la bawaba. Kila ukitaka kugeuza, hesabu inchi moja kuwa milimita 25. Ile nukta nne inayobaki usiihangaikie. Kwenye safu ya makabati ya futi nane inazaa karibu sentimita nne tu, nafasi ya kumtosha panya na familia yake. Ukuta nao upime mahali pamoja, katikati. Wenye uoga hupima juu, katikati na chini, wakafuata kipimo kidogo kuliko vyote, kwa sababu kuta zetu hazijawahi kunyooka. Watu wa namna hiyo hawana imani na aliyewapigia lipu.

Ubao mpya utauzwa kwa shiti ya futi nane kwa nne, ambayo ni milimita 2440 kwa 1220. Uupakie kwenye guta, ikiwezekana msimu wa masika, ili uanze kuzoea maji mapema. Gawa 2440 kwa nne, unapata vipande vinne vya 610. Hapo ni kwenye karatasi. Msumeno nao unakula: kila ukipita unageuza kama milimita tatu kuwa vumbi, na ukikata mara tatu kipande cha mwisho kinapungua karibu sentimita nzima. Seremala huhesabu mlo huo wa msumeno kabla hajagusa ubao. Wewe hukuja hapa kumwiga seremala. Kile kipande kifupi kifanye mlango wa katikati, unaotazamana na wageni. Kingo zilizokatwa ziache uchi. Kuna ukanda wa plastiki wenye gundi ambao hubandikwa kwa pasi ya moto ili maji yasipenye, lakini pasi yako ni ya mashati.

Tumefika kwenye bawaba, nami hapa naomba usikivu. Bawaba za kisasa, zile za kikombe, zinataka tundu la upana wa milimita 35 upande wa ndani wa mlango, kina chake kama 12. Toa kumi na mbili kwenye kumi na nane. Kati ya biti yako na hadhara kumebaki milimita sita. Wengine hutoboa kidogo, wakasimama, wakapima kina, wakaendelea. Wewe lalia drili kwa kifua. Sauti ikibadilika ghafla na ukaona vigae vya sakafu, hongera, mlango wako umepata dirisha. Akiuliza mtu, mwambie ni la kupitisha hewa.

Milango miwili ikipishana, utaona kwenye kila bawaba skrubu mbili ambazo kama vile hazijashika kitu. Moja husogeza mlango kushoto na kulia, nyingine huuleta mbele au kuurudisha nyuma. Nusu mzunguko wa bisibisi, na milango imenyooka. Usiziguse, utaharibu starehe. Chukua randa.

Ukihamia bafuni na drili hiyohiyo, kabati la kioo la huko halina mengi. Mabomba yaliyofukiwa ukutani kwa kawaida hupanda wima kutoka kwenye koki, na nyaya hushuka wima hadi kwenye swichi, kwa hiyo toboa juu ya beseni, katikati kabisa. (Mzaha pembeni kwa sentensi moja: zima meinswichi na ufunge koki kuu kabla hujawasha hiyo drili, na usitoboe usawa wa koki wala swichi.)

Ukirudi jikoni, rangi ipake jioni, moja kwa moja juu ya melamini, bila msasa wala praima. Itang'aa mno. Piga picha usiku huohuo uzitume kwenye kundi la familia, maana kufikia wiki ya pili utakuwa unaibandua kwa kucha, vipande virefu, na kusema kweli hiyo ndiyo sehemu pekee ya kazi hii inayoburudisha.

Siku itafika utamwita yule fundi. Mpigie wakati mama watoto yuko sokoni. Fundi atachuchumaa mbele ya sinki, atapitisha mkono nyuma, atakaza nati kwa vidole, atasikiliza.

"Bosi, hapa palikuwa panataka washa ya mpira tu."

Itikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa na fikra hiyohiyo. Kisha ataegemeza kiganja kwenye mlango wa katikati, ule wenye dirisha, na atakuuliza kwa upole wa mtu aliyefiwa:

"Na haya makabati, bosi, nani alikutengenezea?"

"Kuna kijana mmoja alipita hapa. Nasikia amehamia Morogoro."

"Namba yake unayo?"

"Haipatikani."