Jinsi ya Kuikarabati Skyrim na Bado Ukapata Wasaa wa Kuicheza

Hatua ya kwanza ni kutokuweka modi yoyote, yaani nyongeza yoyote iliyotengenezwa na wachezaji. Icheze Skyrim kama ilivyotoka kwa watengenezaji wake mpaka jitu likupige rungu na maiti yako ipae mawinguni ikizunguka, huku tembo wake wa manyoya wakiendelea kula majani. Hiyo ni kasoro ya hesabu za mwendo ndani ya gemu, na wachezaji wameipenda kiasi kwamba fundi mwenye akili haigusi. Mtu ambaye hajawahi kurushwa na jitu hajui kipi cha kurekebisha na kipi cha kuacha. Huyo ndiye anayepakua modi mia mbili kwa usiku mmoja, kisha asubuhi anauliza kwa nini gemu inajifunga kabla hata ya kuonyesha nembo.

Ukisharudi ardhini, jua unaingia karakana ya nani. Skyrim ilitolewa na Bethesda Game Studios tarehe 11 Novemba 2011, chini ya uongozi wa Todd Howard. Februari 2012 kampuni hiyo ikawapa wachezaji Creation Kit bure, zana za kujengea milima, mapango na watu wa nchi ile. Tangu hapo Skyrim ina mafundi wengi kuliko majoka, na wengi wao hawajalipwa hata senti.

Anza na kiraka kisicho rasmi kinachosimamiwa na fundi anayejiita Arthmoor na wenzake. Hakina urembo wowote. Kinashusha mawe yanayoelea hewani, kinafungua kazi zilizokwama katikati, kinasahihisha makosa mamia kwa mamia ambayo wenye gemu waliyaacha. Weka, usahau.

Kisha SKSE, ambayo inapanua uwezo wa lugha ya amri za gemu, na juu yake SkyUI. Hapa sina mjadala na mtu. Menyu za asili zilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekaa kwenye kochi na konsoli, mbali na televisheni: maandishi makubwa, orodha moja ndefu, na wewe unashuka polepole ukitafuta dawa huku joka linakuchoma mgongoni. SkyUI inakupa safu za uzito na bei, na kisanduku cha kutafutia. Unaanza safari ukiwa na uwezo wa kubeba uzito wa 300, na mfupa mmoja wa joka una uzito wa 15. Piga hesabu mwenyewe. Siku miguu inapogoma kukimbia, unabofya safu ya uzito na ukweli unapanda juu ya orodha: mifupa kumi, magamba ya joka, na jibini ulilochukua kwenye meza ya mtu bila sababu.

Tahadhari moja: SKSE lazima ilingane na toleo la gemu yako. Novemba 2021, gemu iliposasishwa kwa ajili ya Anniversary Edition, modi chungu nzima zinazoitegemea ziligoma kufanya kazi mpaka zilipoundwa upya. Kwa hiyo iambie Steam isasishe gemu pale tu unapoifungua kupitia Steam yenyewe, halafu wewe uwe unaifungua kupitia SKSE.

Sasa foleni ya kupakia modi. Modi mbili zikigusa kitu kimoja, inayopakiwa mwisho ndiyo yenye neno la mwisho. Moja imehamisha mlango wa nyumba, nyingine imejenga ukuta palepale, na mwenye nyumba anatembea akigonga ukuta hadi usiku wa manane. Programu ya LOOT inapanga foleni hiyo kwa busara, na Mod Organizer 2 inaziweka modi kando bila kuchafua folda ya gemu, hivyo unaweza kuiondoa yoyote bila kubomoa nyumba nzima. Toleo la Special Edition linakubali plagini (faili za modi) kamili 254 hivi, na zile nyepesi hadi 4,096, lakini nafasi kubwa si amri ya kuijaza. Weka modi moja, toka nje ya mji wa Whiterun, tembea, pigana na mbwa mwitu, lala, amka. Hapo ndipo uweke ya pili. Na modi yenye maandishi ya amri usiiondoe katikati ya safari, kwa sababu mabaki yake yanabaki ndani ya mchezo uliouhifadhi na yatakudai baadaye, pengine saa arobaini mbele.

Kuhusu urembo nitakuwa mfupi. SMIM inarekebisha maumbo ya minyororo, kamba na samani, nayo inatosha kuonyesha mapenzi ya fundi kwa vitu ambavyo hakuna aliyemwomba avitazame. Lakini kabichi haihitaji picha ya 4K. Kadi yako ya michoro ikitumia kumbukumbu yake yote kwenye kabichi, joka litakuja likirukaruka kama picha za mnato.

Tumia nguvu hizo kwenye modi zinazobadilisha unachofanya, maana hizo ndizo zinazoifanya nchi ile ikae moyoni. Chukua Frostfall, kazi ya Chesko. Katika gemu ya asili unaweza kuogelea kifua wazi kati ya mabarafu ya bahari ya kaskazini, ukatoka, ukapigana na majambazi, ukaendelea na shughuli zako. Frostfall inakataa upuuzi huo. Nguo zikilowa, baridi inakuingia. Usipokota moto, unakufa. Ghafla kuni zina thamani. Ghafla unatazama mawingu kabla ya kwenda Winterhold, na nyumba ya wageni ya Dawnstar, uliyokuwa ukiipita bila kugeuza shingo, inakuwa taa unayoiombea dua gizani. Hakuna jiwe hata moja lililoongezwa barabarani, lakini barabara ni nyingine kabisa.

Mwenzi wa safari pia ni lazima. Lydia, mwenzi unayepewa na gemu yenyewe, ni mwaminifu, lakini maneno yake yanahesabika vidoleni na anapenda sana kusimama mlangoni wakati unataka kupita. Nenda jela ya Riften ukamtafute Inigo, paka-mtu wa manyoya ya buluu aliyeomba mwenyewe kufungwa kwa kosa analoamini alikutendea. Gary Hesketh amemwandikia na kumrekodia mistari zaidi ya 7,000. Anazungumzia mapango, anakutania, anatembea na kereng'ende ndani ya chupa na kumwita kwa heshima. Baada ya wiki moja utajikuta unachelewesha vita ili amalize hadithi.

Na juu ya zote, The Forgotten City. Nick Pearce, mwanasheria wa Australia, aliitoa mwaka 2015: mji uliozikwa chini ya ardhi wenye sheria moja, kwamba mmoja akitenda dhambi, wote wanauawa, na wewe unarudi nyuma katika wakati kutafuta nani ataivunja sheria hiyo na kwa nini. Upanga haukusaidii sana. Unasikiliza watu, unapima maneno yao. Mwaka 2016 ilipata tuzo ya Chama cha Waandishi cha Australia, modi ya kwanza kuipata, na mwaka 2021 ikawa gemu inayojitegemea. Soma pia habari za Falskaar, kisiwa kizima kilichojengwa na Alexander Velicky akiwa na miaka 19. Fedha nazo zilijaribiwa: Aprili 2015 Valve, wenye Steam, na Bethesda walijaribu kuuza modi, fundi akibakiwa na asilimia 25, wakaghairi ndani ya siku chache kwa kelele za wachezaji. Kelele zilikwisha, na mafundi wengi wakaendelea kutoa bure. Basi soma maelekezo yao mpaka mwisho kabla ya kuwauliza swali, na ukiona mahali pa kuchangia, changia.

Ruhusa moja ya kucheka: modi ya Trainwiz inayogeuza majoka kuwa Thomas, yule treni wa watoto. Iweke kwa jioni moja, usikie honi juu ya milima ya theluji. Inabadilisha maumbo na sauti tu, kwa hiyo hii unaweza kuiondoa bila hofu.

Halafu funga orodha. Inakili pembeni, zima kivinjari, uingie mchezoni. Modi mpya utakazozisikia njiani ziandike kwenye karatasi. Zisubiri mpaka Alduin, joka kuu, afe.