Futi ya Fundi Nyani

Nyani alipopata zabuni ya kujenga mtaa wa Skrini, mbele ya kasri la Simba, hakupima mpangaji hata mmoja. Kila chumba (binadamu hukiita kitufe) alikikata pikseli 75 kwa 23, kipimo alichokikuta tayari kwenye Windows Forms. Akapaka rangi, akalipwa. Wapangaji wa kwanza walikuwa Waingereza wembamba: OK alipoingia, ilibaki nafasi ya kutandika mkeka. Simba akasifu.

Kisha ikatoka amri wapangaji wawe Waswahili. Sawa aliingia bila taabu. Aliyekuja kumrithi Reset alikuwa Twiga, jina lake Rejesha Chaguomsingi, herufi 19. Shingo ikagoma mlangoni.

"Usihangaike, mzee wangu," Nyani akamwambia, akachukua msumeno. Alikata, akapachika vitone vitatu kwenye jeraha. Mlangoni pakasomeka "Rejesha Ch…", na wageni wakawa wanaulizana: arejeshe chai au chenji?

Konokono akacheka. "Nyumba yangu hukua nami." Basi kuta zikajengwa upya, zenye kunyumbuka: kila chumba kikampima mpangaji wake, kikaongeza pambizo kidogo huku na huku. Twiga akarudishiwa shingo. Mtaa ukacheza ngoma usiku kucha, nami sikuwalaumu.

Ila kulikuwa na chumba cha muziki, kinachokaliwa kwa zamu na Cheza na Sitisha. Kilipakana na Futa, ambaye ni Chui, na baada ya Chui akakaa Hifadhi. Asubuhi moja Swala alikuja mbio kwa Hifadhi. Mkono ukiwa hewani, Cheza akatoka, Sitisha mnene akaingia, ukuta ukatanuka, milango yote ikasogea. Swala akabisha hodi kwa Chui. Futa wa mtaa ule haulizi mara mbili.

"Hilo sikulijua," Konokono akasema msibani. "Mimi sina jirani."

Kobe ndiye aliyeagiza chumba cha zamu kipimwe kwa mpangaji mnene kuliko wote, kabla yeyote hajaingia, na Chui ahamishiwe mwisho wa mtaa, mbali na Hifadhi. Ilichukua siku moja.

Nyani amepewa zabuni ya mtaa wa pili. Amekwenda na futi ile ile.